Mbunge ameuliza, Serikali imejibu, boma bado limesimama: sasa nini?

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Kijijini kwetu, humu humu mkoa wa Dodoma, tulichangishana tukainua boma la zahanati hadi usawa wa lenta. Mbunge wetu akauliza bungeni ni lini Serikali itatusaidia kulimalizia. Naibu Waziri akajibu kwamba shilingi milioni 50 zimetengwa. Tulisikia kwenye redio, tukashangilia. Mwaka mzima umepita na hakuna hata mfuko mmoja wa saruji uliofika. Wenzangu wanasema maswali ya bungeni ni maigizo tu. Mimi ni katibu wa kamati ya ujenzi na ndiye ninayeulizwa kila mkutano wa kijiji. Je, maswali haya yana kazi gani hasa, na sisi tufanye nini?"

Marahaba, ndugu yangu. Wenzako wana hoja, ila wameipeleka siko. Swali la bungeni halileti fedha, na aliyewaambia kwamba linaleta aliwadanganya. Kazi yake ni kuilazimisha Serikali iseme jambo waziwazi, lenye kiasi na mahali, likaandikwa kwenye kumbukumbu rasmi. Baada ya hapo anatakiwa mtu wa kulipima jambo lile kwa macho. Mtu huyo hayupo kwenye ukumbi wa Bunge. Yupo kijijini, na mara nyingi hajui kwamba zamu ni yake.

Tuanze na Katiba, maana hapa ndipo matarajio mengi yanapopotoka. Ibara ya 63 inalipa Bunge madaraka ya kuisimamia na kuishauri Serikali kwa niaba ya wananchi, na njia ya kwanza inayotajwa ni kumuuliza Waziri yeyote swali lolote kuhusu mambo ya umma yaliyo katika wajibu wake. Lakini soma pia ibara ya 99. Mbunge hawezi kupeleka muswada wa kuongeza kodi au wa kuchota fedha kutoka Mfuko Mkuu wa Hazina. Mambo hayo lazima yaanzie kwa Rais na kuletwa na Waziri. Kwa maneno mengine mbunge wako hana pochi. Ana Mfuko wa Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2009, na kamati yake anaiongoza yeye, lakini fungu hilo ni dogo na hugawanywa jimbo zima: madawati huku, mabati kule. Ndiyo maana anauliza. Angekuwa na uwezo wa kutenga asingeuliza.

Sasa nikueleze jibu lile la Naibu Waziri lilivyopikwa, kwa sababu watu wengi hudhani linatoka kichwani mwake. Mbunge hupeleka swali la msingi kwa maandishi, wiki kadhaa kabla. Ofisi ya Bunge hulipeleka kwenye wizara husika. Kwa ujenzi wa zahanati, wizara hiyo ni TAMISEMI, yaani ya Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa, siyo Wizara ya Afya, ingawa wananchi wengi huanzia Afya. TAMISEMI haina takwimu za boma lenu mezani. Inauliza mkoa, mkoa unauliza halmashauri, na pale halmashauri, Afisa Mipango au ofisi ya Mganga Mkuu wa Wilaya anaandika aya mbili tatu. Aya hizo zinapanda ngazi zilezile kurudi juu, zinasafishwa lugha, na asubuhi moja zinasomwa ukumbini baada ya "Mheshimiwa Spika, kwa niaba ya Waziri wa Nchi".

Umeona inakoelekea? Jibu mlilolisikia kwenye redio kwa sehemu kubwa liliandikwa wilayani kwenu. Aliyeliandika hayuko mbali. Pengine mnapanda naye basi moja. Unaweza kwenda ofisini kwake ukamwuliza, kwa adabu, fedha hizo alizisoma kwenye kitabu gani cha bajeti na ukurasa gani. Nimewaona watumishi wazuri kabisa wakishtuka kusikia kwamba kijiji kimenukuu jibu la bungeni. Hawakuzoea kuulizwa kutoka chini.

Hapo tunafika kwenye zile milioni 50. Kiasi chenyewe hakikunishangaza: kwa miaka kadhaa Serikali imekuwa ikitumia kiwango hicho kumalizia boma moja la zahanati, kama ilivyokuwa milioni 12.5 kwa boma la darasa na milioni 500 kwa kituo kizima cha afya. Swali ni fedha hiyo imefika hatua gani. Kutengwa maana yake imeandikwa kwenye makadirio. Bunge likishapitisha bajeti na Sheria ya Idhini ya Matumizi, Serikali imepata ruhusa ya kutumia, lakini bado hakuna shilingi iliyosogea. Hazina hutoa kulingana na makusanyo ya kodi, mikopo na misaada inavyoingia. Mishahara na deni la taifa hazisubiri, kwa hiyo miradi ya maendeleo ndiyo hungoja. Fedha ikitolewa inaingia kwenye akaunti ya halmashauri au moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo. Kisha inakuja ngoma ya manunuzi, ambayo sasa hupitia NeST, mfumo wa manunuzi ya umma kwa mtandao, na hapo kijiji chenye fundi mzuri lakini kisicho na mtandao wa simu wa kueleweka kinaweza kupoteza miezi. Na kalenda haina huruma. Mwaka wa fedha unaisha tarehe 30 Juni. Fedha iliyoingia mwezi Mei isipotumika inaweza kurejeshwa Hazina, na wabunge wamelilalamikia hilo bungeni hadi sauti zimewakauka.

Kwa hiyo fedha yenu inaweza kuwa haikutoka kabisa. Inaweza kuwa ilitoka ikachelewa, ikarudi. Inaweza kuwa ilifika wilayani ikamalizia boma la kata nyingine kwa uamuzi wa kikao ambacho nyinyi hamkuwa na habari nacho. Haya ni mambo tofauti, yana wahusika tofauti, na mtu akiyafunika yote kwa kusema "Serikali imetudanganya" hatafika popote. Huenda kila mmoja katika mnyororo huo alisema kweli.

Kuna jambo jingine ambalo jibu la bungeni hulifumba mara nyingi: imetengwa kutoka chanzo kipi? Ikiwa ni ruzuku ya Serikali Kuu, mlango ni Hazina na TAMISEMI, na mbunge ndiye mtu wenu. Ikiwa ni mapato ya ndani ya halmashauri, yaani ushuru wa mazao, leseni, vibali na kadhalika, basi Bunge lilikuwa mahali pasipo pake tangu mwanzo. Fedha hiyo inategemea halmashauri imekusanya kiasi gani, na mkoani kwetu mwaka wa ukame, alizeti na uwele vikigoma, makusanyo ya ushuru wa mazao hushuka na orodha ya miradi hupunguzwa kimyakimya. Wa kuuliza hapo ni diwani wenu, kwenye Baraza la Madiwani, linalokutana kila robo mwaka. Mbunge naye ni mjumbe wa baraza hilo, jambo ambalo wananchi wengi hawalijui na baadhi ya wabunge hujifanya kulisahau.

Nirudi bungeni. Maswali mengi yanayoulizwa pale yanaanza na "Je, ni lini Serikali itajenga…" au "Je, Serikali ina mpango gani wa…". Yanasikika vizuri redioni lakini ni maswali dhaifu. "Ni lini" hujibiwa "fedha zitakapopatikana", na hakuna anayeweza kukamatwa kwa jibu hilo. "Mpango gani" hujibiwa kwa kusoma mpango. Sisi watu wa Dodoma tuna mfano mkubwa kuliko zahanati: Bwawa la Farkwa, wilayani Chemba, linalokusudiwa kuupunguzia mji mzigo wa kutegemea visima vya Mzakwe. Limekuwa likitajwa kwenye hotuba za bajeti za Wizara ya Maji mwaka baada ya mwaka: mara upembuzi yakinifu, mara usanifu, mara fidia kwa wananchi, mara kutafuta fedha. Hatua ni nyingi, na kila moja inatosha kujaza jibu. Ukiuliza ni lini, utapewa hatua iliyopo. Ukiuliza mwaka jana ilikuwa hatua gani, ikatengewa kiasi gani, na ni kiasi gani kilitoka, ndipo jasho linapoanza.

Silaha ya kufanya hivyo ni swali la nyongeza. Aliyeuliza swali la msingi ana nafasi ya kuuliza mawili ya nyongeza papo hapo, na wabunge wengine huweza kupewa moja moja. Swali la msingi limeandaliwa jibu. La nyongeza halina karatasi iliyotoka wilayani. Naibu Waziri inabidi aijue wizara yake au aahidi kulifuatilia. Hapo ndipo wabunge wengi wanaponikera, nikiri. Dakika inakwisha kwa kumshukuru Spika, kumpongeza Waziri kwa majibu mazuri, kumpongeza Rais, kisha linakuja swali jipya kuhusu barabara ya kata nyingine. Jibu lenye tundu limeachwa lipite. Usidhani ni upole. Mbunge ana vijiji vingi, na swali jipya linampa kura mahali papya, kuliko kurudi kwenye boma alilokwishalisemea. Tena tangu uchaguzi wa 2020 ukumbi umejaa wabunge wa chama kinachoshika Serikali, kwa hiyo kumbana Waziri mpaka mwisho kuna gharama yake ndani ya chama. Ila kwenye mambo ya boma, kisima na transfoma hata wao hubana kweli, kwa sababu huko ndiko wanakopimwa nyumbani.

Maswali ya Alhamisi kwa Waziri Mkuu hayatawafaa. Yale ni ya papo kwa papo na yanahusu sera za jumla. Mbunge akisimama na boma moja la zahanati ataambiwa apeleke kwa Waziri wa kisekta.

Penye nguvu zaidi ni Bunge la Bajeti, Aprili hadi mwisho wa Juni, wakati ambapo vyumba vya kulala Area C na Area D hapa Dodoma hupanda bei na sisi wenyeji tunanung'unika. Kila Waziri anasoma hotuba ya makadirio yake, inajadiliwa, kisha Bunge linakaa kama Kamati ya Matumizi na kupita fungu kwa fungu. TAMISEMI ni Fungu 56, Wizara ya Afya 52, Maji 49, na mkoa wetu wa Dodoma ni Fungu 72. Ikifika kwenye mshahara wa Waziri, mbunge anaweza kusimama na kusema asipopata maelezo ya kuridhisha atashika shilingi, yaani ataomba mshahara huo upunguzwe shilingi moja. Shilingi yenyewe haimpunguzii Waziri chakula. Inachofanya ni kuufungua mjadala, wabunge wengine wakachangia, na mwishoni mhusika akaombwa airudishe au jambo lipigiwe kura. Mara nyingi mno hurudishwa, baada ya Waziri kuahidi. Nami nasema hata ahadi hiyo ina uzito kuliko jibu la asubuhi, kwa kuwa Waziri mwenyewe ameitoa akiwa amebanwa, mbele ya watendaji wake walioketi pembeni wakiandika. Tatizo ni muda. Ukiisha, mafungu yaliyobaki hupitishwa kwa mkupuo bila kujadiliwa. Na Bunge lote kwa pamoja linajua kwamba likikataa bajeti, ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Hilo huwafanya watu wafikiri mara mbili.

Ukiacha kuuliza kabla ya fedha kutumika, kuna kuuliza baada. Hapo ndipo yupo Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, CAG, kwa ibara ya 143. Ripoti zake humfikia Rais ifikapo mwisho wa Machi na huwekwa mezani bungeni Aprili. Za halmashauri huchambuliwa na Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, LAAC, na za wizara na Kamati ya Hesabu za Serikali, PAC. Mkurugenzi anaitwa, anakaa mbele ya wabunge na makabrasha, anaulizwa stakabadhi iko wapi. Ni kazi nzuri, na huko huulizwa maswali makali kuliko ukumbini kwa kuwa hakuna wa kushangilia. Lakini hesabu muda wake: fedha iliyotumika vibaya Agosti 2023 imo katika mwaka unaoishia Juni 2024, ripoti inatoka Aprili 2025, na kamati huweza kuijadili bungeni miezi kadhaa baadaye. Wakati huo mkurugenzi amehamishiwa mkoa mwingine na fundi ameshakula fedha akaisahau. Na msifurahie sana mkisikia halmashauri yenu imepata hati inayoridhisha. Hati hiyo inasema hesabu zimeandikwa sawasawa. Haisemi kwamba zahanati imejengwa.

Wenzako wa "maigizo" uwakumbushe pia kwamba Bunge hili limewahi kuuma. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya Kamati Teule iliyoongozwa na Dk. Harrison Mwakyembe kusoma taarifa yake kuhusu mkataba wa umeme wa Richmond. Mwaka 2014 sakata la akaunti ya Tegeta Escrow, yaani fedha za mgogoro wa umeme zilizochotwa Benki Kuu, lilipigiwa kelele bungeni na mbunge David Kafulila, akabezwa kwanza. CAG akakagua, PAC chini ya Zitto Kabwe ikaleta taarifa Novemba, na kabla Januari 2015 haijaisha Mwanasheria Mkuu na mawaziri wawili walikuwa wameondoka kwenye nafasi zao. Tazama mnyororo wake: mtu mmoja aling'ang'ania, mkaguzi akaleta karatasi, kamati ikazisoma. Kiungo kimoja kikilegea, kelele hubaki kelele. Aprili 2019 Bunge liliazimia kutofanya kazi na CAG wa wakati huo, Profesa Mussa Assad, kwa kuwa alisema Bunge ni dhaifu. Kwa maoni yangu lilijikata mkono, maana bila CAG kamati za hesabu hazina cha kuuliza.

Zahanati yenu haihitaji kamati teule. Kwanza lipateni jibu lenyewe kwa maandishi. Taarifa Rasmi za majadiliano, yaani Hansard, zipo kwenye tovuti ya Bunge. Mwalimu wa sekondari ya kata mwenye simu nzuri atawasaidia kuipata kwa tarehe. Msitegemee kumbukumbu ya redio, maana huenda Naibu Waziri alisema "tutatenga" nanyi mkasikia "tumetenga". Mkishaipata, andikeni barua kwa Mkurugenzi wa halmashauri, kupitia Mtendaji wa Kijiji na wa Kata ili msionekane mmeruka ngazi. Ulizeni chanzo cha fedha, kiasi kilichopokelewa, tarehe ya kupokelewa na akaunti iliyoingia. Tajeni Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayompa siku 30 za kujibu. Nakala mpeni diwani, na mwombeni aliulize barazani robo hii. Mkutano wa Baraza uko wazi kwa wananchi. Nendeni watu watano, mkae kimya nyuma.

Msisubiri Juni. Bajeti ya mwaka ujao huanza kupikwa vijijini na kwenye kata kuanzia Oktoba na Novemba, na ikifika Machi kamati za Bunge zinazunguka kukagua miradi na kupitia makadirio ambayo tayari yamefungwa. Boma lisiloandikwa kabla ya Krismasi, bungeni Aprili litasemewa tu.

Majibu ya Mkurugenzi yakija, au yasipokuja ndani ya siku 30, ndipo mrudi kwa mbunge. Kama uchaguzi umeleta mbunge mpya si neno. Jibu lilitolewa na Serikali, nayo ipo. Msimpe malalamiko, mpeni swali lililokwisha kuandikwa, kwa sababu msaidizi wake ana mafaili mengi na lililo tayari ndilo hupita. Mimi ningeliandika hivi:

"Katika Mkutano wa Bunge wa tarehe fulani, Serikali ilieleza kuwa shilingi milioni 50 zimetengwa kumalizia zahanati ya kijiji fulani. Je, kati ya fedha hizo ni kiasi gani kimetolewa hadi sasa, kwa tarehe zipi na katika akaunti ipi? Na kama hazikutolewa, je, zimeingizwa tena katika makadirio ya mwaka wa fedha unaofuata, na katika kifungu kipi?"

Jazeni tarehe na jina la kijiji, ambatisheni nakala ya Hansard na picha ya boma kama lilivyo leo. Muwekeeni na swali moja la nyongeza, kuhusu watumishi na dawa: nani atapangwa pale jengo likikamilika. Kuna zahanati nyingi nchini zilizokwisha kupakwa rangi zikakaa na kufuli kwa kukosa mganga, na hilo mkilingoja mpaka siku ya kukabidhiwa funguo mtakuwa mmechelewa bajeti nyingine nzima.